Konklave ya Mama Kavugho

Mama Kavugho alikuwa amekalia gunia la chumvi, Papa Makuza amekalia gunia la sukari, na kati yao palikuwa na sahani ya ndizi ambayo hakuna aliyeigusa. Hawakutazamana. Kila mmoja alizungumza na Albert, katekista wetu, aliyeketishwa katikati awe mshenga, shahidi na ukuta kwa pamoja.

"Katekista, umuambie Papa Makuza, kwetu Butembo mutoto mwanamuke anatoka na mbuzi. Iko mbuzi ya mama, iko ya mujomba, iko ya shangazi. Ng'ombe nitamufunga wapi, mu duka?"

"Katekista, umuambie Mama Kavugho, tangu babu zangu, hakuna mutu wa kwetu alioa na mbuzi. Mbuzi ni munyama wa kukula soksi za watu! Watanicheka kilima yote."

Albert hakumwambia mtu chochote. Redio yake ndogo ilikuwa imebanwa sikioni, na moyo wake ulikuwa Roma.

Ilikuwa Kibabi, huku kwetu Masisi, mwezi wa nne wa mwaka 2005, wakati vita vilikuwa vimeambiwa viishe navyo vikajifanya havijasikia. Baba Mtakatifu alikuwa amefariki, makardinali wamefungiwa ndani kumchagua mwingine, na hapakuwa na mtu Kibabi asiye na mgombea wake. Muhindo, muuza mafuta ya taa, alitaka Mwafrika, yeyote yule, hata kama hajui kuimba. Wenye ng'ombe walitaka Mswisi, kwa kuwa Mswisi anajua maziwa. Askari wa kizuizi cha barabarani walituambia wao watamkubali yeyote atakayewaletea mshahara.

Lakini ndani ya bohari ya Mama Kavugho palikuwa na jambo zito kuliko Roma. Fifi, binti yake wa pekee, alimtaka Delphin, kitinda mimba wa Makuza. Delphin alikuwa amechoka kungoja wazee wamalize mbuzi na ng'ombe wao. Alfajiri ya kesho angefuatana na wachimbaji kwenda Walikale, akachimbe kasiterite, madini ya bati, mpaka apate mbuzi kwa jasho lake. Nani asiyeyajua mashimo ya Walikale? Yalikuwa yamemeza vijana wetu na hayakurudisha hata viatu vyao. Kwa hiyo wazee wakubaliane leo, au mtoto aende.

Mama Kavugho aliyajua hayo yote. Ukweli ni kwamba mbuzi walikuwa kisingizio. Alikuwa mjane, mtoto wake mmoja kama jicho, na aliogopa kwamba Fifi akishapanda kule kwa wafugaji, atakuwa wao, na yeye atabaki kumwona siku za soko tu, kama mteja. Neno hilo hakulitoa. Alitoa mbuzi.

Kwenye kona ya bohari alilala mama yake, bibi yake Fifi, Koko Kanyere, ambaye miguu yake ilikuwa imekufa zamani lakini ulimi wake ulikuwa mzima kabisa.

"Albert," alisema Koko, "wale makardinali wanafungiwa mpaka wakubaliane, si vile?"

"Njo vile, Koko. Wanaita konklave."

"Muzuri sana. Fifi, leta kadena."

Albert alichomoka na redio yake. Kabla Mama Kavugho hajainuka kwenye gunia, mlango ulikuwa umefungwa kwa nje na kufuli lilikuwa limelia.

"Fifi! Fungua, ao nitakulaani!"

"Mukikubaliana, Mama."

Akaenda zake kwenye mazoezi ya kwaya, ufunguo ukining'inia shingoni.

Sasa ni lazima mwijue kengele yetu. Kengele yetu ni rimu ya gurudumu la lori, imetundikwa kwenye mti mbele ya kanisa. Ikigongwa taratibu na kupumzishwa, tunakwenda kusali. Ikigongwa mfululizo bila kupumua, tunakimbia. Hata mtoto wa kutambaa anaijua tofauti hiyo, na hutambaa kwa kasi inayostahili.

Jua lilipokuwa likielekea kuzama, redio ikasema moshi ni mweupe, na kengele za Roma zinalia bila kukoma. Albert, ambaye upendo wake kwa Mungu ulikuwa mkubwa kuliko kumbukumbu yake, aliona Kibabi isiachwe nyuma. Akashika chuma akagonga bila kukoma.

Loo! Tulikimbia. Wa kwanza walikuwa askari wa kizuizini. Mmoja wao alitupita akiwa amejifunga kitenge cha mkewe. Muhindo alibeba kioo cha ukutani akaacha viatu. Jirani yetu Joséphine-Marie alipanda kilima na chungu cha maharage kichwani, kingali kinatokota. Albert alipotuona tunakuja mbio alidhani tunakimbilia kanisani, akazidi kugonga kwa raha. Alipoona magodoro, akasema moyoni, hawa wanajua kitu nisichokijua. Akatupa chuma, naye akakimbia.

Yaliyotokea boharini tuliyapata baadaye kwa Koko Kanyere, mtu ambaye siri kwake haipati hata pa kukaa.

Waliposikia kengele walisukuma mlango kwa mabega. Ulikuwa wa mbao nene. Mama Kavugho mwenyewe alikuwa ameuagiza hivyo kwa ajili ya wezi. Walipiga kelele, na hakuna aliyesikia. Kulikuwa na dirisha moja dogo, juu, ambalo mtu mwembamba kama Makuza angepenya, lakini si Mama Kavugho, ambaye Mungu alimuumba bila ubahili. Makuza akapanda kwenye gunia, akatoa kichwa nje. Ng'ombe wake walikuwa wanashuka barabarani bila mchungaji, wanalia.

"Papa Makuza," alisema Mama Kavugho. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kumsemesha moja kwa moja. "Pita. Nenda kwa ng'ombe zako."

Makuza aliendelea kutazama nje. Aliwaita kwa majina, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini. Kisha akashuka, akaketi chini na kuegemeza mgongo mlangoni, fimbo yake mapajani.

"Ng'ombe ziko na miguu," alisema. "Koko hana."

Mama Kavugho aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Alifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Lete ng'ombe," alisema.

"Ng'ombe gani?"

"Ya mahari. Lete. Nitafunga hata mu duka."

"Hapana, Mama. Nitaleta mbuzi."

"Nimesema ng'ombe!"

"Na miye nimesema mbuzi! Unataka watu waseme nilizarau desturi ya mama wa mutoto?"

"Weye uko mutu wa namna gani? Hata ukipewa unakatala!"

"Munyamaze!" alisema Koko. "Mutatuuwisha juu ya mbuzi!"

Wakaendelea kugombana kwa kunong'ona.

Ndipo waliposikia pumzi nyuma ya ukuta. Mtu alikuwa amejibanza pale, anahema. Kisha ikaja sauti nyingine, ya mzee, nzito, ikisema maneno ambayo Mama Kavugho hakuyaelewa hata moja. Makuza aliinua fimbo.

"Wanasema luga gani?" alinong'ona Mama Kavugho.

Koko alitega sikio. Alipokuwa msichana alikuwa ameimba misa ya zamani misheni, na kuna mambo hayasahauliki.

"Kilatini," alisema.

"Waasi ya Kilatini?"

Nyuma ya ukuta umati mkubwa ukapiga vigelegele, mbali sana, ndani ya kitu kidogo.

"Albert!" Koko aliita. "Ni weye?"

"Ni miye, Koko."

"Nani alipiga kengele?"

Redio ilipunguzwa sauti. "Miye. Juu ya Baba Mutakatifu. Wamemupata. Ni Mujerumani."

"Na weye unakimbia nini?"

"Niliona watu wote wanakimbia."

Koko alimwambia maneno ambayo hayafai kuandikwa siku ya sherehe ya Kanisa. Albert akazima redio, akaingia mgombani kujificha tena, safari hii akituogopa sisi. Ndani, Makuza alicheka mpaka fimbo ikamponyoka, na Mama Kavugho akacheka naye, wameshikana mikono bila kujua.

Kisha zikaja hatua za mbio, na ufunguo ukaanza kukwaruza kufuli, ukikosa tundu, ukikosa tena.

"Mama! Mama, usilie, nafungua!" Ilikuwa sauti ya Fifi.

"Pole pole," alisema Delphin. "Miye nabeba Koko, weye ushike Mama. Tutapita kwa mugomba."

Makuza alifungua kinywa awaambie hakuna kitu. Mama Kavugho akamziba mdomo kwa kiganja, jambo ambalo mkwe hamfanyii mkwe. Alitaka kusikiliza. Kibabi nzima ilikuwa imepanda kilima, na hawa wawili walikuwa wameshuka, wakiamini kabisa kwamba wanashukia risasi. Machozi yalimtiririka wala hakuyafuta.

Mlango ulipofunguka, Delphin hakusalimia mtu. Aligeuza mgongo mbele ya kitanda na kuchuchumaa. Koko Kanyere, mtundu huyo, alipanda bila kusema neno, akabebwa. Fifi alimshika mama yake mkono amvute.

"Nendeni na Koko," alisema Mama Kavugho. "Siye tunakuja."

"Hatuwaambii?" aliuliza Makuza walipobaki wawili.

"Waache wafike."

Koko alimtobolea Delphin siri walipofika nusu ya kilima, naye akakaa chini njiani na bibi mgongoni. Tulisikia kicheko chao kabla ya kuwaona. Tukatoka vichakani mmoja mmoja na magodoro yetu, kila mtu akidai yeye alijua tangu mwanzo. Wengine walikuwa wamefika mbali, na hakuna aliyethubutu kugonga kengele kuwaita. Ng'ombe wa Makuza tuliwakuta mbele ya kanisa, wametulia kuliko Wakristo. Kuhusu mahari, wakwe wale hawakukubaliana usiku huo wala wiki ile: Mama Kavugho aling'ang'ania ng'ombe, Makuza mbuzi.

Alfajiri wachimbaji walipita na mabeleshi yao mbele ya duka, walikopatana kumkuta Delphin. Paul, kiongozi wao, akaita, "Delphin! Saa imefika!"

Dirisha likafunguka, akatoa kichwa Mama Kavugho, kitambaa cha kulalia kingali kichwani.

"Mupite tu. Mutu wangu haendi Walikale."

"Mutu wako?" Paul alicheka. "Tangu lini, Mama?"

"Tangu jana," alisema, "wakati nyiye mulikuwa munakimbia."