Jina la Esha Redioni

Fundi Aruna alikuwa ameinama ndani ya kamyo ya mizigo, miguu yake ikining'inia nje ya mlango wa abiria, na redio ilikuwa ikisema vizuri kabisa, kama mtu aliyekaa pembeni yako.

"Sasa kaka Hassani, ugonjwa iko wapi?" aliuliza. "Unaniletea redio mzima, halafu unasema mimi sijui kazi."

Hassani alikuwa shoferi wa mzee Ismaili, mfanyabiashara wa mawese pale Rumonge, na redio haikuwa yake. Mzee aliinunua kwa mzungu wa shirika la misaada aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa redio ya setilaiti, yenye antene bapa, ndogo kama sahani ya chai, iliyokaa juu ya paa la gari na kutazama mbinguni.

Juma lililopita binamu yake wa Bujumbura alimletea habari iliyomkosesha usingizi. Kituo kimoja cha setilaiti kilikuwa na kipindi cha watu waliopotezana kwa vita, na humo limesomwa jina la Esha wa Kigwena, anayemtafuta kaka yake Hassani, shoferi. Mahali alipo, binamu hakupashika. Alichoshika ni kwamba tangazo lingerudiwa mara moja tu, Jumamosi adhuhuri.

Esha ni dada yake wa tumbo moja. Alikimbia siku Kigwena iliposhambuliwa, Hassani akiwa safarini, na tangu hapo hakuna aliyejua kama aliingia ziwani, msituni au kaburini.

Kwa hiyo Hassani alitaka redio iseme, basi. Nayo ikiwa barabarani haikusema.

Kwanza Aruna alisema ni michikichi. "Hii redio inataka kuona mbingu. Majani yanaifunika." Hassani akalipeleka gari ufukweni, mahali peupe pasipo hata kichaka. Kimya. Akarudi. Aruna akabadilisha fyuzi, redio ikaimba. Hassani akaondoka peke yake, na kabla hajashika barabara ikakata. Akarudi tena. Aruna akakwangua kutu kwenye vichwa vya betri, redio ikaimba, Hassani akaondoka, ikakata. Mara ni kelele za injini, mara ni mtikisiko wa barabara. Hassani alianza kuamini kwamba fundi anamchezea, na fundi akaanza kuamini kwamba shoferi amechanganyikiwa.

Jumamosi asubuhi mzee Ismaili akaagiza mawese yapelekwe Bujumbura. Siku hizo hakuna gari lililokwenda peke yake. Magari yalipangwa mstari, askari mbele na nyuma, na ukikosa msafara umelala. Adhuhuri ingemkuta Hassani njiani.

"Nitapanda na wewe," alisema Aruna. "Nione na macho yangu."

Akapanda, akafunga mlango. Redio ikanyamaza.

"Umeona?" Hassani alipiga usukani. "Umeona sasa?"

Msafara uliposimama kungoja gari moja lililopata pancha, Aruna aliruka chini, akapanda juu ya paa na kuitikisa antene.

"Inasema!" Hassani alipaza sauti. "Usiiguse tena! Iache hapo hapo!"

Aruna akaifunga kwa mpira wa tairi, akaukaza kwa meno, akashuka kwa uangalifu, akaingia, akafunga mlango. Kimya.

Hassani alimtukana. Alimtukana yeye na kibanda chake cha ufundi. Aruna naye alirudisha, akisema hakuomba kupanda gari la mtu mwenye kichaa katikati ya vita. Mashoferi wa nyuma yao waliwapigia honi. Waliendelea na safari bila kutazamana, Hassani akiangalia jua tu.

Walifika Magara jua likiwa utosini. Hapo palikuwa na bariyeri, kizuizi cha askari. Askari akaamuru washuke, akafungua milango yote miwili, akaanza kupekua chini ya viti.

Redio ikaanza kusema.

Mwanamke alikuwa anasoma majina, polepole, kwa Kiswahili safi. Hassani alisimama barabarani mikono ikiwa hewani, hathubutu kusogea. Askari naye alisikiliza huku akipekua.

"Esha, wa Kigwena," ilisema redio. "Anamtafuta kaka yake Hassani, shoferi wa Rumonge. Yeye na mtoto wake ni wazima. Wako Tanzania, katika kambi ya Mu..."

"Sawa, murakoze, asanteni, pitieni," alisema askari, akaubamiza mlango wa abiria.

Kimya.

"Hapana!" Hassani alilia. "Hapana, hapana!"

Aruna aliutazama ule mlango. Akaufungua. Sauti ikarudi, lakini ilikuwa inasoma jina la mtu mwingine. Akaufunga, ikapotea. Akaufungua tena, akapitisha kidole ukingoni. Waya wa antene ulishuka kutoka paani ukaingilia hapo, na mlango ulikuwa umeuponda hadi ukawa bapa.

"Ni mlango, kaka," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi nikifanya kazi, mlango iko wazi. Wewe ukiendesha, iko imefungwa."

"Juma zima!" Hassani aliketi chini kwenye vumbi, akashika kichwa. "Juma zima ulikaa mlangoni!"

Askari aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Mimi nimefunga mlango tu," alisema.

"Kambi ya Mu," Aruna alisema. "Ni Mutabila au Muyovosi."

Hassani alifikisha mawese Bujumbura, akarudi na msafara, akamkabidhi mzee funguo. Boti ikamvusha hadi Kigoma. Alianza na Mutabila. Alizunguka huko akiuliza hema kwa hema, akaoneshwa Esha mmoja mzee sana na mwingine wa Makamba, mpaka miguu ikavimba. Ndipo akaenda Muyovosi, na watu wa kwanza aliowauliza wakamwonesha kwa kidole.

Esha alikuwa anaanika mihogo. Alilia, akamshika, akamwachia, akamshika tena. Aliposikia alikotokea, akakunja uso.

"Mutabila ulikwenda kufanya nini, kaka? Si nilisema Muyovosi? Hawakusoma?"

"Walisoma," alisema Hassani. Akaanza kueleza habari za askari, waya na mlango, akaona hazielezeki, akakaa kwenye mkeka akamwita yule mtoto aje amtazame.