Kiraka cha Pembe ya Nne

Mzee Murunga alikuwa ameshona maturubai ya malori mjini Eldoret miaka thelathini, na roho mbaya alikuwa nayo muda huohuo, ila watu hawakuijua. Walichokijua ni chaki ya bluu iliyokaa nyuma ya sikio lake kutwa nzima. Popote macho yake yalipokuta mshono mbovu, mkono ulichomoa chaki ukachora mistari miwili na nukta, hata kabla hajafungua mdomo. Hakuna fundi mwingine aliyeitumia alama hiyo. Wanafunzi wake waliijua kama majina yao.

Basi siku moja injinia Sumeya akamletea kazi ya ajabu: paa la kitambaa. Bwalo la shule kule Ainabkoi lingefunikwa kwa turubai nene jeupe, livutwe kwa nyaya juu ya nguzo sita za chuma. Hakuna mabati, hakuna mti wa kukatwa, simiti kidogo tu chini ya nguzo. Likichakaa linateremshwa, linashonwa lingine. Na shule tisa zaidi zilikuwa zinangoja. Murunga alicheka mpaka akakohoa.

"Nyumba ya nguo! Hata kuku wangu hawalali humo."

Sumeya akaaga akaenda zake. Kazi akampa Brigid Kavetsa, aliyefundishwa na Murunga huyohuyo miaka minne, na ambaye sasa alikuwa na cherehani yake na wasichana wawili wa kumsaidia.

Hapo kicheko kikamkauka mzee. Brigid! Huyu aliyekuja hapa hajui hata kutia uzi kwenye sindano! Kijicho kikamwingia, akausukuma ugali pembeni.

Brigid, maskini, hakuwa na habari. Alipomaliza kushona alimwita mzee.

"Baba," alisema, maana ndivyo alivyomwita, "paa hili likisimama, nimetoka. Lisiposimama nimekwisha, hakuna mtu atanipa tena hata gunia nishone. Nikagulie."

Murunga akatambaa juu ya turubai kwa magoti, chaki mkononi, akifunua mkunjo mmoja baada ya mwingine. Kazi safi, lo! Safi mpaka inaudhi. Kufika pembe ya nne, akaona. Kiraka cha kushikia waya kilikuwa kimekatwa mshazari. Kitambaa kikivutwa mshazari hulegea, paa likilegea hushika maji, na mvua ya Ainabkoi huja na mawe. Dakika kumi zingetosha kukibadilisha. Akaurudisha mkunjo mahali pake taratibu.

"Vipi, Baba?"

"Safi kabisa. Hata mimi singeweza." Akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na msichana wa watu akalia kwa furaha.

Siku ya kufungua bwalo, mvua ya mawe ilianza katikati ya hotuba. Pembe ya nne ikalegea, paa likafanya tumbo, tumbo likajaa, likapasuka mbele ya wazazi wote. Mama mmoja akavunjika bega. Brigid alizomewa hadi barabarani. Wiki haikuisha, wasichana wake wakamhama. Murunga alilala usingizi mtamu.

Sumeya hakuwa na mwingine wa kumwendea. Alirudi kwa Murunga na lile paa lililochanika, pamoja na zile shule tisa. Safari hii mzee hakucheka, akaipokea kazi. Tena akamwita Brigid aje kufumua nyuzi. Alisema anamhurumia. Uongo! Alitaka kumtazama akifumua.

Brigid alifumua siku mbili. Siku ya tatu, Sumeya akiwa amekuja kukagua, Brigid alifika pembe ya nne. Akaufunua mkunjo. Ndani kabisa, mahali mvua haikufika, palikuwa na mistari miwili na nukta. Bluu.

"Injinia, njoo uone."

Sumeya akainama. "Hii ni nini?"

"Muulize Mzee." Hakusema Baba.

Murunga aliitazama ile alama. Mdomo ulidanganya, kumbe mkono ulikuwa umekwisha kusema, na yeye hata hakukumbuka!

"Ni... ni ya kiwandani," alisema.

"Ni alama ya mshono mbaya," Brigid alisema. "Aliuona. Akaniambia safi kabisa."

 Sumeya aliinua macho polepole, akayatua nyuma ya sikio la mzee.