Namba Tano

Dalali mmoja wa vyumba alikuwa na mtindo wa kuapa, na kwa mtindo huo mtaa mzima ukamwita Kiapo. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho. Akikupeleka kuona chumba, alichagua siku ambayo maji yanatoka, akufungulie bomba mwenyewe. Penye unyevu ukutani, chokaa ilikuwa imepakwa jana yake. Penye ufa, kabati lilikuwa limesogezwa. Ukiuliza kama paa linavuja, aliweka mkono kifuani akasema, "Naapa kwa uhai wa binti yangu, halivuji hata tone." Mvua ya kwanza ikinyesha, wewe unatafuta ndoo, yeye yuko mtaa wa tatu anaapa tena.

Binti mwenyewe alikuwepo, tena wa pekee. Mama yake alifariki mtoto akiwa darasa la tatu, na Kiapo, pamoja na uongo wake wote, hakumlaza na njaa hata siku moja. Siku moja mtoto alimfuata baba yake kazini, akasikia kile kiapo kinavyotolewa. Njiani akauliza, "Baba, na ukiapa uongo mimi nitakufa?"

Kiapo alicheka sana. "Hiyo ni ya kazi tu, mama. Mungu anajua ipi ya kazi na ipi ya kweli."

Mtoto akaridhika, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza.

Akakua, akasomea uuguzi, akaajiriwa katika hospitali iliyo juu ya kilima. Kwenda ni kupanda, kurudi ni kushuka, kona baada ya kona hadi sokoni chini. Alikuwa anatembea. Akirudi nyumbani alivua viatu mlangoni, akakaa na miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, amechoka hata kuongea. Kiapo alikuwa akiitazama ile miguu iliyovimba anaumia, na hapo hakuwa akiigiza. Akasema atanunua gari. Mfuko ulikuwa wa pikipiki mbovu, lakini roho ilitaka gari. Rahisi ni ghali, husema wenye nazo, na Kiapo aliamini kwamba methali hiyo imetungwa na wauza vitu vya ghali.

Akasikia kuna mwalimu mstaafu, mjane, anauza gari la marehemu mumewe kwa bei ya kutupa. Kesho yake asubuhi alikuwa sebuleni kwa Mwalimu, suruali imenyooshwa, kofia mkononi. Gari lilionekana dirishani, jeupe, safi, limeegeshwa chini ya banda la bati. Mwalimu hakumpeleka kuliona. Alimketisha mezani, akammiminia chai, akavaa miwani, akatoa karatasi mbili zilizowekwa kaboni katikati, zimeandikwa kwa ule mwandiko wa ubaoni usiokosea mstari.

"Kabla hujaliona nikusomee makosa yake," akasema. "Yako tisa."

Kiapo akadhani anatania. Mwalimu akaanza. Moja, taa ya nyuma ya kushoto haiwaki. Mbili, rejeta inavuja, ukienda mbali beba maji. Tatu, mlango wa abiria haufunguki kwa ndani. Nne, mshale wa mafuta unadanganya. Alipofika namba tano alivua miwani.

"Tano ni breki. Hii nisikilize vizuri, baba. Asubuhi zinashika. Kwenye tambarare zinashika. Lakini ukishuka mlima huku unakanyaga muda wote, zikipata moto, pedali inazama mpaka chini na gari halisimami. Ukiliacha likapoa, zinarudi kama hakuna kilichotokea. Marehemu alilisimamisha kwa kugonga kuta za watu mara mbili. Mafundi watatu wamelijaribu gerejini, na wote wamesema ni zima."

Sasa, mtu mwingine yeyote angeinuka pale, akashukuru kwa chai, akaenda zake. Lakini Kiapo alikuwa na miaka thelathini kazini, na katika miaka hiyo hajawahi kumsikia mwenye mali akiisema vibaya mali yake. Mwenye chumba hataji panya. Kwake, ukweli wa namna ile haukuwepo duniani, kwa hiyo lazima iwe mbinu. Akawa anatafuta tu ni mbinu gani. Hapo hapo akapita shemeji yake Mwalimu, mdogo wa marehemu. Akasalimia, akatoka nje, akaanza kulifuta lile gari kioo kwa kitambaa.

Basi Kiapo akaelewa kila kitu, yaani hakuelewa chochote. Familia inataka gari libaki kwa shemeji. Mjane ametumwa awatishe wanunuzi mpaka bei ianguke. Akamtazama Mwalimu kwa tabasamu la mtu anayemtambua mwenzake wa kazi moja.

"Umesoma vizuri, Mwalimu. Na mimi kazi yangu ndiyo hii."

"Kazi gani?"

"Ya maneno."

Mwalimu hakucheka. Kiapo akachukua kalamu, akavuta karatasi, akawa anaweka alama ya vema kwenye kila kosa na kudai apunguziwe. Taa, akapunguziwa. Rejeta, akapunguziwa. Alipofika namba tano aliweka alama mbili kabisa, akabonyeza kalamu, akasema hiyo peke yake ina thamani ya tairi nne.

"Hiyo haina thamani," Mwalimu akasema. "Nakupunguzia ili ukaitengeneze, au ukaliuze gari kwa vipuri. Usimpandishe mtu kabla. Una watoto?"

"Mmoja. Wa kike."

"Basi usimpandishe."

Kiapo akaweka mkono kifuani. "Naapa kwa uhai wake."

Chini ya namba tisa palikuwa na mstari: Nimesomewa, nimeelewa. Akatia sahihi yenye mikia mirefu. Mwalimu akampa karatasi ya juu, ya chini akaitia kwenye faili, na Kiapo akajisemea kwamba walimu hawastaafu. Kwenye kona ya kwanza alifungua kioo, akaichana ile karatasi vipande, akavirusha nje, akiendesha kwa mkono mmoja kama mtu aliyezaliwa na gari.

Alilipeleka kwa fundi wake, mzee wa gereji aliyemwamini.

"Mwenye gari kasemaje?" fundi akauliza. "Kuna tatizo lolote?"

"Hajasema kitu. Mjane yule, hata boneti hajui inafunguliwa wapi."

Alisema hivyo kwa sababu alitaka apimiwe bila fundi kutiwa maneno. Akiupata ukweli kutoka kwa fundi, atakuwa amemshinda Mwalimu kwa hesabu yake mwenyewe. Fundi akazunguka uwanja wa gereji mara tatu, akakanyaga breki mara tatu, gari likasimama mara tatu. "Breki nzima," akasema. Kiapo alikaribia kumkumbatia.

Wiki tatu zikapita za raha. Asubuhi alimpandisha binti yake kilimani, mlango wa abiria akiuzunguka na kuufungua mwenyewe kwa nje kama dereva wa bosi. Binti alikuwa anacheka. Beseni la maji ya chumvi likawekwa chini ya kitanda. Mara moja tu, Kiapo akishuka peke yake, pedali ilizama. Aliipigapiga haraka, ikarudi, gari likasimama nusu hatua kutoka kwenye mgongo wa mkokoteni. Akainama, akatazama kiatu chake, akaamua kwamba soli ndiyo iliyoteleza. Jioni ile alinunua viatu vipya.

Siku ya siku alikuwa na mteja wa chumba, mteja wa kweli, saa ile ile binti alipokuwa anamaliza zamu. Asubuhi akampa ufunguo. Leseni binti alikuwa nayo tangu chuoni.

"Halina shida yoyote, baba?"

"Taa ya nyuma tu, mama."

Saa saba mchana, mbele yake likakaa lori la matofali linaloshuka polepole. Binti akakanyaga breki mlima mzima, kama mtu yeyote mwangalifu. Kona ya nne pedali ikaenda chini. Akaipiga, haikurudi. Chini kabisa aliona soko, na siku ile lilikuwa limejaa. Akageuza usukani kwenye ukuta wa mawe.

Watu wa soko ndio waliomtoa, kwa nyundo na vyuma. Wakampandisha kilimani alikotoka, akalazwa kwenye wodi yake mwenyewe, kitanda ambacho shuka zake alizitandika asubuhi. Mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wahenga. Hawakusema kwamba guu linaweza kuwa la mtoto wake.

Na Kiapo je? Alilia, na alilia kweli. Kisha akafuta machozi akaanza kusimulia. Aliwasimulia wauguzi, wagonjwa, waliokuja kutoa pole, kwamba ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwamba kuna mwanamke, tena mwalimu, aliyemtazama machoni akamuuzia kifo bila kusema neno. Aliyasimulia hayo mara nyingi hata yakamwingia mwenyewe. Binti alisikiliza ameelekea ukutani, na kidogo kidogo akapata mtu wa kumchukia, na chuki hiyo ilimsaidia kula.

Siku ya tisa Mwalimu akaja, na begi lake la ngozi na machungwa mawili. Alisikia habari kanisani. Alipomwona Kiapo kitini alisita, kisha akamsogelea mgonjwa. "Pole, mwanangu."

"Kwa nini hukusema?" binti akauliza. Sauti yake haikupanda. "Ungesema tu. Neno moja. Mimi ningetembea."

Mwalimu alimgeukia Kiapo, akamtazama muda mrefu, kama anavyotazamwa mwanafunzi anayepewa nafasi ya kuinua mkono mwenyewe. Kiapo alikuwa anamenya chungwa. Aliendelea kumenya, ganda moja refu bila kulikata, macho yake yakiwa kwenye kisu.

Mwalimu akafungua begi, akatoa karatasi yenye wino wa bluu wa kaboni, akaiweka juu ya shuka, mahali palipokuwa patupu. Akaondoka bila kuaga.

Muuguzi amezoea kusoma faili za watu. Binti aliisoma moja hadi tisa, akarudi juu akaisoma tena. Kidole chake kikasimama katikati.

"Namba tano umeiwekea alama mbili, baba."

"Mimi sijawahi kuiona hiyo karatasi."

"Hii mikia ya sahihi ni yako. Ndiyo iliyokuwa kwenye ripoti zangu zote za shule."

Kiapo akaweka chungwa chini. Mkono ukapanda wenyewe hadi kifuani, kama ulivyopanda miaka thelathini. "Mama, nisikilize. Naapa kwa uhai wako—"

"Uhai wangu umeshautumia," binti akasema. "Apia huu mguu uliobaki."

Kiapo akaushusha mkono. Ilikuwa mara ya kwanza ushuke kabla kiapo hakijaisha.

Binti akaikunja karatasi mara nne, akaitia chini ya mto. Akamwita muuguzi mwenzake, akamwomba kwa heshima amtoe mgeni nje, muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Saa ya ukutani ilionyesha kwamba bado nusu saa. Mwenzake akaitazama saa, akamtazama Kiapo, akamshika mkono akamtoa.