Risasi za Samli

Mama Léonie alikuwa mtu wa kupaka. Kitu chochote alichokipenda alikipaka samli. Vibuyu vya maziwa alivifukiza moshi kisha akavisugua ndani na nje, kama mama yake alivyofanya, na mama wa mama yake. Mpini wa jembe aliupaka. Bawaba za mlango alizipaka. Visigino vya wajukuu, kitovu cha ndama aliyezaliwa dhaifu, vyote vilipita mikononi mwake. Mtaani Saio, mjini Bunia, watu walisema ukitaka kufika kwake usiulize njia, fuata tu harufu ya maziwa. Naye alicheka, maana lilikuwa neno la upendo.

Basi ni mkono huohuo uliomletea aibu.

Mumewe, Muzee Honoré, alikuwa ametibu mifugo miaka mingi. Alipostaafu, kikundi cha wafugaji kilimwomba aitunze karabini yao, ile ndogo wanayoiita vingt-deux, yaani ishirini na mbili kwa Kifaransa, yenye karatasi zake zote. Haikuwa bunduki ya vita. Ilikuwa ya kumpumzisha ng'ombe asiyeweza kupona, au mbwa aliyeshikwa na kichaa. Honoré aliitunza kama vile wengine wanavyotunza vyombo vya meza ya Bwana.

Risasi zake zilikuwa ndogo, fupi kuliko kidole cha mwisho. Kikundi kilizinunua kwa ruhusa katika duka la Élisée, mfanyabiashara aliyetoka Butembo miaka mingi iliyopita akaoa na kuzeeka Bunia. Siku ya kuzichukua, Honoré na Élisée walikwenda nje ya mji wakazijaribu tano. Zote tano zililia. Honoré alirudi nyumbani akiwa na furaha, akaweka maboksi mawili juu ya kabati.

Baadaye Honoré akapelekwa hospitali ya Nyankunde kupasuliwa ngiri, akalazwa majuma matatu. Kabla ya kuondoka alimwambia mkewe, "Karabini usiisahau. Uipake mafuta kidogo, kutu isiingie."

Juu ya risasi hakusema kitu.

Mama Léonie aliipaka karabini. Kisha akafungua maboksi, akaona risasi zimefifia, na baadhi zina ukungu mweupe kwenye ncha ya risasi. Akazionea huruma. Akayeyusha samli, akachanganya na petroli kidogo ili ipenye, akazilaza risasi zote katika kopo la siagi ya dukani, akaliweka juu ya dari la jikoni, pale joto la moto linapofika polepole. Siku nne zilikaa zikinywa, kama kibuyu kipya kinavyokunywa. Siku ya tano akazifuta moja moja kwa kitambaa, akazirudisha ndani ya maboksi, vichwa vyote vikitazama upande mmoja. Ziling'aa kama hereni.

Honoré aliporudi hakumwambia. Wala Honoré hakuwahi kumwambia ni nani aliyekuwa akikaza mguu wa kigoda chake kila unapolegea. Katika nyumba ile mema yalifanywa hivyo, bila kutangazwa.

Mvua za kwanza zilipoanza, lori lililokuwa likitoka Mahagi lilimgonga ng'ombe wa Mireille kando ya barabara. Mireille alikuwa mjane, na ng'ombe huyo mwekundu, Kihogo, ndiye aliyewanywesha maziwa watoto wake tangu baba yao afariki. Miguu ya nyuma ilikuwa imevunjika yote miwili. Mtu akaja mbio kumwita Honoré. Mama Léonie naye akachukua kitenge akamfuata, maana mwanamke mwenzake alikuwa katika msiba, na ng'ombe kama yule ni mtu wa nyumbani.

Walikuta watu wamejaa. Kihogo alikuwa amelala kwenye majani, akijaribu kuinuka kwa miguu ya mbele, akianguka, akijaribu tena. Mireille alikuwa amepiga magoti akimshika pembe.

"Muzee, umusaidie," alisema. "Usikawie."

Honoré alimpapasa ng'ombe mgongoni, akatikisa kichwa. Akawarudisha watu nyuma, akaweka risasi, akalenga, akavuta.

Tak.

Sauti ndogo tu, kama mtu aliyevunja kijiti. Honoré hakusogea. Aliielekeza bunduki ardhini akahesabu hadi thelathini, maana risasi iliyokataa inaweza kulia kwa kuchelewa na kumwua mwenye haraka. Kisha akaitoa akaitazama. Risasi za vingt-deux hazina kiwashio katikati ya kitako. Kimefichwa ndani ya ukingo, na pini hupiga ukingo huo. Alama ya pini ilikuwapo, imechimba vizuri. Akaigeuza ili pini ipige upande mwingine, akairudisha.

Tak.

Akahesabu tena thelathini. Akaweka ya pili. Tak. Ya tatu. Tak. Kila mara alihesabu, na kila alipohesabu Kihogo alijaribu kuinuka.

Kijana mmoja wa pikipiki akasema kutoka nyuma, "Muzee, hiyo iko bunduki ao iko kalamu?"

"Mumuache," mwingine akajibu. "Anapigia ngombe picha."

Watu wakacheka. Honoré hakugeuka, lakini Mama Léonie aliona shingo ya mumewe ikilowa jasho. Miaka arobaini hakuna aliyewahi kumcheka mbele ya mnyama.

Risasi ya sita ilikataa, na ya saba. Ile ya saba ilimponyoka ikaanguka karibu na mguu wa mkewe. Mama Léonie akainama akaiokota ili ampe. Ilikuwa inang'aa. Ilimteleza kidoleni. Hakuhitaji kuinusa, lakini aliinusa.

Samli na petroli.

Mwisho wake wanaume wanne walimaliza kazi kwa shoka na kisu, na haikuwa kazi ya mara moja. Mireille alivua kitenge chake akamfunika Kihogo macho. Mama Léonie alisimama na risasi imefumbatwa mkononi, na kila sauti aliyoisikia aliijua kuwa ni yake.

"Ni Élisée," Honoré alisema baadaye, si kwa hasira, kwa uchovu. "Alituuzisha masasi ya kufa. Zile tano alizichagua nzuri, ili nione."

Watu walikuwa wanasikia. Mmoja akasema wafanyabiashara wa kutoka Butembo wako hivyo wote. Mwingine akasema ni kweli. Neno likapanda pikipiki, likaingia mjini kabla ya jioni.

Usiku ule Mama Léonie alitaka kusema. Alikaa kwenye kigoda chake, kigoda kisichotikisika, akafungua mdomo. Honoré alikuwa anaitazama karabini iliyokaa mapajani mwake.

"Juu ya nini unaniangalia?" akamwuliza.

"Hapana. Chakula itapoa."

Ndivyo ilivyokuwa siku ya kwanza, na ya pili. Alijiambia atasema kesho. Kila asubuhi akaona neno limekuwa zito zaidi, kama mtungi ulioachwa kwenye mvua. Hakuogopa kugombezwa. Honoré hakuwa mtu wa kugombeza. Aliogopa uso wake, siku atakapojua kwamba waliomcheka walichekea kazi ya mkewe.

Siku ya tatu Élisée mwenyewe alifika, kofia mkononi, gunia la viazi limefungwa kwenye pikipiki. Honoré alikuwa bafuni.

"Hii viazi ni ya Mama Mireille," alisema. "Naogopa kumupelekea mimi mwenyewe. Batu watasema nakubali kosa. Weye utamupelekea?"

Mama Léonie alikumbuka kwamba ni mtu huyu aliyetuma gari lake hadi Nyankunde kumrudisha Honoré, ili kidonda kisitikiswe na pikipiki. Hakutaka hata kushukuriwa. Akamwekea chai, kikombe kikagonga sahani.

Honoré alipotoka walisalimiana kwa baridi. Élisée akaomba kuziona risasi zilizobaki. Akachukua moja, akaishika kwa koleo ndogo, akaigeuza taratibu, polepole sana, mpaka ncha ikatoka. Baruti haikumwagika. Ilikuwa imegandamana, ya manjano, kama unga ulioangukiwa na mafuta. Élisée akaisogeza puani.

Akaishusha. Kisha akainua macho. Hakumtazama Honoré. Aliangalia vibuyu vilivyopangwa ukutani, vinavyong'aa, halafu mikono ya Mama Léonie, halafu akarudisha macho mezani.

"Iliingiwa na kitu," akasema. "Labda ni unyevu. Labda ilipata unyevu kwangu, mbele ya kuwapatia."

"Basi unakubali," Honoré akasema.

"Nitarudisha maboksi mapya. Tubishane nini, muzee? Siye ni batu wa mji moja."

Akanywa chai yake yote, asimwachie mama mwenye nyumba kikombe chenye chai, akaaga. Mlangoni akamwambia Mama Léonie kwa sauti ya chini, "Chai yako iko muzuri sana, mama." Basi.

Angemtukana, ingekuwa nafuu. Mtu yule alikuwa amejua, akachukua mzigo akajitwika, na gharama yake ilikuwa jina lake mwenyewe. Mama Léonie aliingia jikoni akakaa sakafuni. Hakulia. Alitazama dari, pale lilipokuwa kopo, akaona aibu hata mbele ya masufuria yake.

Jumamosi kikundi kilikutana kwa Olivier, prezida wao. Ajenda ilikuwa moja: kuacha kununua kwa Élisée, dawa, chumvi ya ng'ombe, kila kitu, na kutoa habari kwa wafugaji wa vijiji vyote. Kwa duka kama lile, hicho ni kifo. Élisée aliitwa aje ajitetee. Mama Léonie hakuwa mwanachama. Alikwenda kwa sababu wake za wazee ndio waliokuwa wakipeleka chai.

Alikuwa akimimina kikombe cha tatu Olivier alipouliza, "Élisée, uko na neno?"

"Siko na neno, prezida. Masasi yalitoka kwangu."

"Unaona," mtu akasema. "Njo vile wako."

Mama Léonie akaweka birika chini. Miguu yake ilitaka kutoka nje, na alishangaa kuona imembeba hadi mbele, karibu na meza.

"Baba prezida," akasema, "ile masasi ni mimi niliyaharibu."

Olivier alidhani hajasikia vizuri. "Mama?"

"Muzee alikuwa Nyankunde. Niliyaloweka mu samli na petroli, siku nne, juu ya moto. Nilizani ninayatunza." Akafungua fundo la kitenge, akatoa ile risasi ya saba, akaiweka mezani. "Munuse. Élisée alinusa, akajua. Akanificha. Na mimi nilimuacha anifiche, siku zote hizi."

Risasi ikapita mkono kwa mkono. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa gumu kuliko kucheka. Mzee mmoja akanong'ona kwamba risasi juu ya moto zingeweza kuchoma nyumba nzima, na Mama Léonie akatikisa kichwa kukubali, maana hata hilo hakulijua. Hakuthubutu kutazama upande alipokaa Honoré.

Aliyesema ni Mireille, aliyekuwa mlangoni.

"Kihogo alikuwa atakufa tu, mama. Hiyo naelewa." Sauti yake ilikuwa tulivu. "Lakini aliteseka. Nilimushika pembe mpaka mwisho. Hiyo siwezi kukuambia haikuwa kitu."

"Usiniambie," Mama Léonie akasema. "Ilikuwa kitu."

Mireille akaenda akaliokota birika lililoachwa chini, akaendelea kuwamiminia wazee chai, kikombe cha nne, cha tano, ili mwenzake asilazimike kurudi kufanya kazi hiyo.

Olivier akamgeukia Élisée. Yule aliyesema kwamba ndivyo walivyo alikuwa ameinamia kikombe chake. Mwishoni prezida akasema ajenda imekwisha, na kwamba kabla ya Jumapili neno la kweli litapelekwa kule kote lilikofika lile la kwanza. Élisée akavaa kofia. Alipopita mbele ya Mama Léonie aliivua tena.

Walirudi Saio kwa miguu. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa matope. Honoré alitangulia na fimbo yake, hatua kumi mbele. Hakuwahi kumtangulia hivyo tangu waoane. Mama Léonie alimfuata akitazama visigino vya viatu vyake, vile alivyovipaka mwenyewe, na hakumwita. Alijua hana haki ya kuita.

Walifika kwenye mfereji ambao mbao zake za kuvukia zilikuwa zimechukuliwa na maji. Honoré akavuka. Halafu akasimama. Hakugeuka. Alisimama tu, mgongo kwake, kwa muda mrefu, kama siku ile alivyosimama akihesabu hadi thelathini.

Kisha akainyoosha fimbo nyuma, juu ya mfereji, akaishika imara.

Mama Léonie akajifuta kwanza mkono kwenye kitenge, usiteleze. Akaishika fimbo, akavuka.