Kidonda Kinapofunga

Sufuria ya maji ya kusongea obusuma, ugali wa jioni, ilipopinduka, Ayuma aliutazama mvuke ukipanda kutoka pajani mwake kama mtu anayetazama mvua ikinyesha katika shamba la jirani. Aliyepiga kelele ni mumewe, Osundwa.

Kwa miaka miwili mwanamke huyo alikuwa amejifungia ndani ya nafsi yake. Vidonge vya hospitali vilimvimbisha uso. Vingine vikamkausha mdomo. Kina mama wa kanisa walikemea mapepo hadi sauti zikawapotea. Shemeji yake alisema ni uvivu. Kila mtu alikuwa na jina la ugonjwa, dawa hakuna.

Likaja jeraha la moto. Ili kumbadilishia bendeji bila kumtesa, Daktari Chepkemoi alimtundikia dripu yenye ketamini, dawa ya kuwalaza watu wanaopasuliwa. Ayuma alielea macho wazi, kisha akazinduka. Asubuhi iliyofuata Osundwa alisikia sauti jikoni:

"Baba Lynette, nani kakunyoa? Unafanana na ingokho, kuku aliyenyonyolewa!"

Osundwa alicheka hadi akalia.

Siku chache baadaye ukimya ulirudi. Bendeji ikabadilishwa tena, Ayuma akarudi tena. Ikawa hivyo kila mara, na kila mara kidonda kilikuwa kidogo zaidi. Osundwa akaanza kuichukia ngozi mpya ya mkewe. Siku moja alijikuta akitazama maji yakichemka, kisha paja la mkewe, wazo likampitia. Aliyamwaga uani na kulala njaa.

Kina mama wa kanisa walikuja kumshukuru Mungu, wakaimba, wakangoja kuchinjiwa kuku kama desturi inavyodai.

"Mzee, mbona umenuna?" Mildred, kiongozi wao, akauliza. "Ngozi imefunga!"

"Imba, Mildred. Kuku utamla, lakini usinilazimishe kucheka."

Hospitalini, Daktari Chepkemoi alilibonyeza paja kwa kidole, akatabasamu.

"Hongera, mzee. Hakuna bendeji tena."

"Na dripu?"

"Ya nini? Amepona."

"Akiamka kutoka kwa dawa hiyo, mke wangu hunirudia. Siku chache tu, lakini hurudi."

"Hiyo ni dawa ya kulaza watu. Vitabu vyetu havisemi kwamba inatibu huzuni."

"Basi vitabu vyenu havijawahi kulala nyumbani kwangu!"

Daktari hakukasirika. Alivua glavu polepole. "Nimekusikia, mzee. Lakini siwezi kumlaza mtu asiye na kidonda. Akikata pumzi, nitakujibu nini? Nitawauliza wakubwa."

"Wakubwa! Hao hujibu mtu akishazikwa."

Osundwa alitoka akiufunga mlango kwa kishindo. Ayuma alikuwa kwenye benchi, akicheza na mtoto wa mgonjwa mwingine.

"Wamesemaje?"

"Wamesema umepona."

"Muongo wewe," akasema kwa upole. Alimrudishia mama mtoto wake, akasimama, akanyoosha leso yake. "Basi tupitie sokoni sasa hivi. Nataka kumchagulia Lynette kitambaa cha gauni la harusi wakati bado najua rangi ninayoipenda."

Harusi ya binti yao haikuwa hata imepangiwa tarehe. Kwa muuza vitambaa, Ayuma alikunjua hiki, akakirudisha, akakunjua kingine, akakipeleka kwenye mwanga. Muuzaji alianza kuguna.

"Mwache," Osundwa akamfokea. "Mwache achague."