Mwenye Jina Asimame

Watu wa Mwakirunge, huku Kisauni, walikuwa wamechoka kusikia mbolea ya ruzuku imekuja, kisha kuiona inauzwa madukani. Walimlalamikia afisa wa kilimo, Bi Purity, mpaka akakubali: majina ya wanaopokea yatasomwa hadharani, na kila mwenye jina asimame, majirani wa shamba lake waseme kama ndiye. Wakimkataa, jina linafutwa.

Siku ya mkutano Nyevu alikaa nyuma, leso ameifunga kiunoni. Mumewe, Mwarandu Ziro, alifariki mwaka uliotangulia. Siku ya kumaliza matanga, wazee waligawa vitu vyake kama ilivyo ada. Panga kwa mjomba, kofia kwa mpwa, simu kwa mdogo wake, Lenox, anayeendesha bodaboda Magongo. Nyevu mwenyewe ndiye aliyeitia chaji kabla ya kuikabidhi. Hakuna aliyekumbuka kwamba laini ile ndiyo iliyosajiliwa kwa mbolea. Msimu ulipofika, ujumbe wa mbolea uliingia kwenye simu huko Magongo na Lenox akachukua mifuko. Nyevu alipanda hivyo hivyo, mahindi yakatoka mafupi, ya manjano.

Asubuhi ile, Lenox alikuwa amekuja na pikipiki mpaka mlangoni.

"Shemeji, wewe nyamaza tu. Nitasimama mimi, mbolea tutagawana."

"Utasimama kama nani?"

"Kama yeye. Sura si ni moja?"

Kweli, sura ilikuwa moja, na hilo ndilo lililomtia Nyevu hofu. Mtu akishasimama mbele ya majirani kama mwenye shamba, nao wakanyamaza, kesho nani atasema shamba si lake? Lakini akisema kweli, jina litafutwa, naye atapanda tena bila mbolea.

Usomaji ulikwenda polepole. Muuza duka mmoja aliitwa akasita, na Absalom, mwenyekiti wa wakulima, akamwambia, "Simama tukuone, bwana. Au shamba lako liko ndani ya kopo la maua?" Watu wakacheka. Jina likafutwa.

"Mwarandu Ziro!"

Nyevu hakuwa amelisikia likiitwa hivyo kwa muda mrefu. Nyumbani walisema marehemu, kanisani walisema marehemu. Alitamani Bi Purity alirudie.

Akalirudia.

"Naam," akaitika Lenox, akasogea mbele, kofia ya pikipiki mkononi.

Watu wakatazamana. Wote walikuwepo mazishini. Absalom alikohoa, akaangalia viatu vyake. Mambo ya nyumba ya watu ni mazito kuyaingilia.

"Majirani, ndiye?" Bi Purity akauliza.

Majirani wakainamisha macho.

"Abee," akaitika Nyevu, akasimama.

"Mama, nimeita mwanamume."

"Umemwita mume wangu. Amekufa. Tulimzika pale nyumbani, nyuma ya mihogo. Huyu ni mdogo wake."

Lenox alimgeukia. "Shemeji, waniaibisha kwa sababu ya mbolea? Simu si mlinipa wenyewe?"

"Simu ulipewa. Jina hukupewa."

"Hapo kakubana, kijana," akasema Absalom, na sasa kila mtu akawa na la kusema. Lenox alivaa kofia yake pale pale penye watu, akaifuata pikipiki.

Bi Purity alingoja watulie. "Mama, nikilifuta, msimu huu hupati. Nitakuandika wewe, lakini ni kwa msimu ujao. Waelewa?"

"Naelewa."

"Nifute?"

Nyevu aliitazama kalamu. "Futa."

Kalamu ikapita. Bi Purity akaandika jina la Nyevu pembeni, na kabla hajawauliza majirani, wakajibu kwa pamoja, "Ndiye!"

Jina lililofuata likaitwa. Mwenyewe alikuwa hai, akaitika. Nyevu alikuwa bado amesimama, mpaka mwanamke wa jirani akamvuta leso taratibu, naye akaketi.