Mawaridi, Nyinyi ni wa Nani?

Karwirwa alikuwa akimwagilia miche kwenye kitalu chake, kando ya barabara ya Githongo, wakati Nyamu, ofisa wa afya ya mimea, alipoegesha pikipiki langoni na kuomba daftari. Ndiyo sheria: ukitengeneza bustani za watu, uandike kila mche umetoka wapi, umepulizwa dawa gani, umepandwa kwa nani. Daftari lilikuwa safi. Nyamu alilifunga bila kulisoma.

"Mama, mawaridi ya hoteli kule Meru yameshikwa na ukungu. Bundi, yule mkandarasi wa bustani, anasema yalitoka kwako. Andika hivyo, mambo yaishe."

"Aliyeyaleta ni Bundi na aliyeyapanda ni Bundi."

"Bundi ni mtu mkubwa."

"Mkubwa wa nani? Mimi uongo siandiki, ng'o!"

Na angeandikaje? Akikubali ukungu, nani angemwita tena kumpandia hata ua wa nyasi? Kitalu kile kilikuwa jina lake na ugali wake. Alivaa sweta, akamwambia Nyamu awashe pikipiki, waende hotelini.

Bundi alikuwepo, suti na buti za mpira. Karwirwa alimpita, akayaendea mawaridi yale yenye majani meupe, akainama, akauliza lile swali ambalo kila mtoto wa huku huulizwa na mtu mzima akikutana naye njiani.

"Nyinyi ni wa nani?"

"Wa Bundi," mawaridi yakajibu. Sauti zilikwaruza kwa sababu ya ukungu.

Mutegi, mtunza bustani wa hoteli, aliendelea kukata nyasi. Alisema yameanza kusema tangu mvua, na yale meupe hayana adabu. Nyamu akauliza tena, maana kazi yake ilitaka uhakika.

"Wa Bundi, tumeshasema! Hayo masikio ni ya kushikia miwani? Alituleta wagonjwa, hatujapulizwa dawa hata tone."

Bundi alikohoa kidogo. "Mimea haina kitambulisho," alisema. "Ushahidi wake haukubaliki."

Nyamu alifikiri, akaona hapo kuna hoja. Jioni kufuli likatiwa kwenye lango la Karwirwa, na ukungu ukaandikwa wake. Bundi akapewa bustani nyingine, kubwa zaidi.

Karwirwa alilia kwa hasira hadi chai ikapoa. Kulipokucha alibeba ndoo na kumwagilia miche kutoka nje, juu ya ua wa kitalu. Barua ya Nyamu iliyobandikwa pale ilifunga lango, ua haikuutaja. Alipomaliza alipaza sauti, "Nyinyi ni wa nani?"

"Wa Karwirwa!" miche ikaitikia yote, mpaka akina mama waliokuwa wakipeleka maziwa wakageuka na kumsalimia. Tangu hapo ilikuwa hivyo kila asubuhi.

Siku moja Nyamu alikuja kukagua kufuli. Alilivuta, likashika. Alipokuwa akipanda pikipiki, Karwirwa akaweka ndoo chini.

"Na wewe, ofisa, ni wa nani?"

Nyamu alikaza midomo. Haikusaidia.

"Wa Bundi," mdomo wake ukasema, kwa sauti ya kukwaruza.

"Haya, asante," Karwirwa akamwambia. Nyamu akaondoka, na kufuli likabaki pale pale. Karwirwa akaokota ndoo, maana safu ya nyuma ilikuwa bado haijanywa.